Siku Niliyomwita Bi Mwanakheri Sanduku

Nianze na aibu yenyewe nisije nikawazungusha: mimi, Athmani wa forodhani, nilimwita nyanya wa binti niliyekuwa nikimposa sanduku bovu, mbele ya mwanawe wa kumzaa, na kabla kahawa haijapoa nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikajiamkia mwenyewe shikamoo. Yote mawili katika duka moja, alasiri moja, na wengi wa waliokuwapo wako hai hapa hapa Malindi, kwa hiyo hata nikitaka kukana siwezi.

Ilikuwa miaka ile ya kabla ya vita vya Mjerumani, kila mwenye shamba akizungumza habari za pamba. Kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo ya simsim na mtama forodhani, na mjini nilikuwa na sifa moja (nilijipa mwenyewe, lakini ilikuwa imeanza kuenea) kwamba nikisikia sauti ya mtu nyuma ya ukuta namjua ni nani, ametoka wapi na ana nia gani. Mtu akiniapia kwamba magunia yake ni makavu, mimi kwa sauti tu najua yameloa. Mara nyingi nilikuwa sawa, na hilo ndilo lililoniharibia.

Wakati huo ami yangu Seif, aliyenilea, alikuwa amekwisha kupeleka posa kwa Bwana Nasoro wa Shela, mtaa wa hapa hapa Malindi, mwenye minazi kule Mambrui, kumposa bintiye Zuhura. Jibu lilikuwa halijaja. Wenye binti walikuwa "bado wanaulizana", na kila mtu alijua kwamba katika nyumba ile wa kuulizwa mwisho ni mmoja, Bi Mwanakheri, mama yake Bwana Nasoro, bibi ambaye sauti yake ilikuwa imekauka kwa uzee lakini neno lake halikukauka. Mimi sikuwahi kumwona wala kumsikia. Nilijua tu kwamba akisema ndiyo nimeoa, na akisema la, ami yangu atachukua halua yake arudi nayo nyumbani mchana, watu wakitazama.

Basi Bwana Karsan, Mhindi mwenye duka la nguo, akaleta kutoka Mombasa sanduku la kusema. Kwa wasioliona: sanduku la mbao lenye ufunguo wa kukaza kama saa, pembe ya bati iliyofumbuka kama ua la boga, na makopo ya nta yanayozunguka chini ya sindano, na sauti ya mtu ikatoka ndani ya pembe hiyo. Tena kopo likiwa jipya waweza kusema wewe mwenyewe ndani ya pembe, nta ikashika maneno yako. Kila alasiri Karsan alilifungulia watu bure, na hapo ndipo mabishano yalipoanza, maana watu wa Malindi ukiwapa kitu bure watakuuliza kwanza kwa nini.

"Huu ni wema mtupu," akasema mmoja.

"Wema gani?" akasema Karsan. "Mkisikiliza hamwondoki, msipoondoka mwanunua."

"Basi si wema," akasema Mwalimu Omari, aliyesomesha watoto chuoni na kutusumbua sisi wakubwa jioni. "Wema ni ule usiotaka malipo."

"Lakini mwafurahi au hamfurahi?" akauliza Karsan.

Swali hilo lilitukalisha barazani jioni nzima na halikwisha. Likafuatwa na jingine lililo kubwa zaidi. Sanduku lilikuwa na kopo moja lililoanza kwa salamu, na Mwalimu akauliza: kitu kikikutolea salamu, yakupasa kuijibu? Kuacha salamu ya mtu bila jibu ni kosa, hilo twalijua sote. Je, ya sanduku? Mmoja akasema sanduku lina akili, kwani linasema. Mwingine akasema hata mlango hulia na hauna akili. Karsan alipoulizwa akasema yeye si wa dini yetu, anauza nguo tu, na amelinunua sanduku bila kuliuliza kama lina akili.

Siku hiyo Bwana Nasoro alikuwapo, amekaa kwenye kiti, fimbo magotini. Akanigeukia. "Na wewe, kijana wa Seif, wasemaje?"

Ningesema "Mungu ndiye ajuaye" ningeoa mwezi ule ule bila vituko. Lakini baba wa binti amekuuliza mbele za watu, na una sifa yako. Nikakohoa.

"Salamu ni nia," nikasema. "Sanduku halina nia, kwa hiyo halina salamu. Na sauti isiyo na nia mimi naijua papo hapo."

"Papo hapo?" akauliza Mwalimu, kwa upole ambao ningeuogopa kama ningekuwa na akili.

"Hata nikiwa nimefumba macho."

"Usifumbe, mwanangu. Pazia lipo."

Pazia lilikuwapo kweli. Nyuma ya duka la Karsan palikuwa na chumba chenye mlango wake wa uchochoroni, na kati ya chumba na duka kulikuwa na pazia zito la buluu, ili wanawake wa nyumba kubwa waje wachague nguo bila kuonekana na wanaume wa mbele. Ikakubaliwa kwamba siku ya pili, nyuma ya pazia lile, mara atoe salamu mtu, mara litoe sanduku. Mimi nikae mbele. Nikijua ni mtu, niijibu salamu. Nikijua ni sanduku, ninyamaze. Na kwa kuwa nilitaka ushindi usio na doa, nikaongeza sharti langu mwenyewe: watu wote dukani wafunge midomo, asijibu mtu wala asikohoe, wasije wakanipa dalili. (Kumbukeni sharti hilo. Nililitunga mimi.)

Siku ya pili duka lilijaa. Bwana Nasoro akakaa kwenye kiti kile kile. Salamu ya kwanza ikaja, yenye mkwaruzo kama wali unaokwanguliwa sufuriani, nikanyamaza, nikatabasamu. Lilikuwa sanduku. Ya pili ikaja, nikaijibu kwa sauti, na pazia likafunuliwa, kumbe ni mpwa wa Mwalimu. Watu wakanong'ona. Nikamtazama Bwana Nasoro, naye akaniitikia kwa kichwa. Jamani, kuitikiwa kwa kichwa kule kulinilevya.

Sasa yaliyofuata nimeyajua baadaye kwa kuulizauliza. Mpwa wa Mwalimu alikuja kukaa mbele na sisi. Karsan akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda nyumbani kwake, ng'ambo ya uchochoro, kuleta kopo jingine alilolisahau. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu wala kitu kinachozunguka.

Ikaja sauti. Kavu, nyembamba, yenye mkwaruzo.

"Hodi."

Nikainamisha sikio.

"Hodi."

Ile ile, haikupanda wala haikushuka. Nikaona Bwana Nasoro anaketi wima, anafumbua mdomo. Nami, Mungu anisamehe, nikamwinulia mkono yule mzee, mkono wazi, kama mtu anayezuia punda.

"Tafadhali bwana," nikasema, "usinisaidie."

"Hodi," ikasema sauti.

Nikasimama, maana hoja nzuri haitolewi kwa kukaa. "Hili ni sanduku," nikasema, kwa sauti ya kufika mlangoni, "tena bovu. Sikilizeni lilivyoshikwa na kifua. Sikilizeni linavyorudia neno moja kwa namna moja. Mtu mwenye akili timamu asipojibiwa si angesema jingine? Hapa hapana akili wala nia. Karsan, nta yako imeliwa na mende, litupe."

Nilingoja minong'ono. Haikuja. Mwalimu Omari alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Pazia likasogea kidogo pembeni, pakatokea mkono mwembamba wenye hina na bangili za fedha.

"Nasoro mwanangu," ikasema ile sauti, "ni nani huyo? Mimi nimebisha hodi mara tatu kama nilivyofunzwa."

"Ni... kijana wa Seif, mama."

"Yule wa posa?"

"Ndiye, mama."

"Ahaa," akasema Bi Mwanakheri. Mimi nimepigwa kofi na nahodha mlevi, nimeanguka na gunia la mtama mbele ya Mzungu wa forodha, lakini sijapata kuumia kama nilivyoumia kwa ile "ahaa".

Nikaanza kuomba radhi kwa pazia, maneno yakanitoka kichwa chini miguu juu. Akanikatiza. "Kaa, mwanangu. Nami naketi hapa juu ya robota la nguo nisikilize. Nimeona mnacheza."

Hapo Karsan akarudi kwa nyuma, bila habari, akamkuta bibi mkubwa ameketi, akataka kumtolea kitambaa, naye akamwambia amalize kwanza mchezo wake. Kwa hiyo akamaliza. Mimi huku mbele nimeapa moyoni kwamba salamu yoyote itakayotoka kule, hata ya mjusi, nitaijibu.

"Assalaam alaykum," ikasema sauti ya mwanamume, pole pole, ya puani puani.

Nikaruka. Mkono kifuani, kichwa chini. "Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, bwana wangu."

"Ni mtu?" akauliza Mwalimu.

"Mtu bila shaka. Mtu mzima, ana nia kamili." Kisha, kwa kuwa sikuweza kujizuia hata pale, nikaongeza: "Ingawa anajisikia kidogo. Sauti ya mtu anayependa kusikilizwa."

Sauti ikaendelea: "Mimi ni Athmani wa forodhani. Mtu akisema nyuma ya ukuta, mimi namjua."

Lilikuwa kopo lile alilonipa Karsan wiki za nyuma nijaribu kusema ndani ya pembe, nami nilikuwa nimelisahau kabisa. Wallahi sauti ile sikuijua. Mpaka leo siijui. Kila mtu dukani aliijua tangu neno la kwanza, ila mwenyewe.

Kicheko kilianzia mlangoni kikaja hadi kitini kwa Bwana Nasoro, aliyekuwa anajifuta macho kwa kilemba. Kilipopungua, ikasikika ile sauti kavu nyuma ya pazia.

"Karsan."

"Naam, bibi."

"Hilo sanduku lina mke? Maana lenyewe limenitolea salamu."

Ami yangu Seif alipata habari kabla sijafika nyumbani. Hakunigombeza, alilala tu kabla jua halijatua, jambo asilolifanya kamwe. Posa haikukataliwa wala haikukubaliwa. Ikaja kauli kutoka Shela: Bi Mwanakheri anataka kijana mwenyewe aje abishe hodi mlangoni kwake, na akiona anayebisha ni mtu, atamfungulia, na mlango ukifunguka ndilo jibu la posa.

Nikaenda baada ya alasiri, nimevaa kanzu ya Idi. Nusu ya baraza ilinifuata kwa mbali, wakijifanya wana shughuli zao.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi Athmani, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Athmani mtu au Athmani sanduku?"

"Mtu, bibi."

"Sanduku la Karsan nalo lasema ni Athmani. Nitajuaje?"

Nikafikiri. "Mimi nina moyo, bibi. Najuta."

"Na likifunzwa kusema 'najuta', halitasema?"

"Litasema, bibi."

"Haya."

Nikajaribu upande mwingine. Nikasema nimekuja kwa wema tu, sitaki kitu chochote ila radhi yake.

"Hutaki kitu chochote," akasema pole pole. "Na mjukuu wangu je?"

"Namtaka, bibi."

"Basi usiseme hutaki kitu."

Nyuma yangu mtu akacheka, nikaijua sauti ya Mwalimu (hiyo niliijua). Nikasema jua linaniunguza. Akasema sanduku likiachwa juani nalo lasema hivyo hivyo, ila kwa nta inayoyeyuka. Nikataka kuapa, nikaona hata kiapo kile kikopo chaweza kukishika. Kila neno nililolishika nililiona lapita vizuri kabisa katika pembe ya bati. Sikuondoka, kwa sababu kuondoka ni kumpoteza Zuhura, wala sikuwa na la kusema, kwa hiyo nikasimama tu pale mlangoni kama gogo, nikitazama misumari ya mlango, watu wakitazama mgongo wangu.

Nikasikia komeo linatolewa. Mlango ukafunguka, nafasi ya mkono.

"Karibu," akasema.

Nimemwoa Zuhura, tuna watoto, na nimeapa nisikae tena kiti cha kupima sauti za watu. Kila salamu naijibu, hata ya kasuku wa jirani, na wanaotaka kucheka wacheke. Lakini jambo moja lanisumbua. Mimi sikuwa nimesema neno wala kufanya kitu. Aliona nini, au alisikia nini, hata akajua kwamba nyuma ya ule mlango pana mtu? Nimemuuliza bibi mara nyingi, kwa adabu, nikimpelekea halua. Jibu lake ni lile lile.

"Liulize sanduku."

Na sanduku la Karsan utepe wa chuma unaolizungusha ulikatika zamani. Liko rafuni, amelitilia vifungo vya kanzu.