Baiskeli ya Baba na Moto wa Pumba

Baba alirudi na baiskeli ile kutoka migodi ya shaba ya Zambia kabla mimi sijazaliwa. Ilikuwa baiskeli ya mashindano: chuma chembamba, magurudumu membamba, na usukani uliojikunja mpaka watu wa kijiji chetu cha Bujonde wakaiita Pembe za Kondoo. Kwa njia zetu za udongo, ambazo mvua ikinyesha hata ng'ombe huteleza, haikuwa na faida yoyote. Baba aliiendesha hivyo hivyo, wenzake wenye baiskeli nzito za kubebea magunia ya mpunga wakamcheka, naye akawaacha wacheke. Alipochoka aliitundika jikoni, juu ya mafiga, na moshi ukaila kwa miaka mingi.

Mimi nilirudi nyumbani wakati ambapo kila kitu cha umma kilikuwa kinauzwa. Karakana nilikofanya kazi, huko Mbeya, ilipata mwenye mali mpya, naye akaja na mafundi wake. Sisi tuliambiwa tumepunguzwa. Neno la adabu sana, utafikiri tulikuwa sukari kwenye chai. Nilifika nyumbani na sanduku la spana na hasira, nikamkuta Baba hawezi tena kufika shambani. Kifua alichotoka nacho mgodini kilikuwa kinammaliza. Alishinda barazani kwenye kiti cha kamba, na kila neno alilolisema ilibidi kwanza alitafutie pumzi.

"Ile baiskeli yangu," aliniambia siku moja, "ningependa kuiona inatembea kabla sijaondoka."

Hakuomba kingine. Ni yeye aliyeuza ng'ombe ili nisome ufundi, na sasa aliniona nimekaa na mama jikoni nikichambua mchele. Nilitaka kumwonyesha kwamba, kazi ninayo au sina, hakutupa ng'ombe wake.

Miaka ya nyuma ungezunguka Kyela nzima usipate tyubu moja. Sasa maduka ya Mbugani, pale mjini, yalining'iniza matairi mpaka barabarani, ya China na ya India, na hakuna hata moja lililoingia kwenye rimu za Baba. Nilikwenda kwa mwenye duka mmoja mzee, ambaye wazazi wake walitoka Pwani. Alinisalimu Kinyakyusa, "Ugonile," kisha akalipimapima gurudumu kwa mkono.

"Mwanangu, hiki chuma kina wenyewe," alisema. "Chukua mpya, hii waachie kuku walalie."

"Ndaga," nilimjibu. Nilimshukuru kama mtu anayetukana, nikatoka. Matairi niliyapata ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, kwa fundi aliyekuwa ameyasahau nyuma ya nyumba. Yalikuwa na viraka, lakini yaliingia.

Kwa wiki tatu nilifanya kazi uani. Nililoweka gololi kwenye mafuta ya taa, nikanyoosha spoki moja moja, nikaichemsha cheni mpaka kutu ikaachia. Kila asubuhi Baba aliuliza kutoka barazani, "Umefika wapi?" Nami kila asubuhi nilimjibu, "Pumzika, Tata. Hii niachie mimi." Kwetu mgonjwa hasumbuliwi. Hupewa uji, husalimiwa, huombewa, na mambo ya kazi hupita mbali naye. Nilijiona mtoto mwema kweli.

Ikabaki rangi. Ile ya zamani ilikuwa imeshikana na masizi, msasa uliteleza juu yake tu. Ningeweza kukwangua kwa siku kumi, lakini miguu ya Baba ilikuwa imeanza kuvimba. Wahenga wana maneno yao kuhusu haraka, ila wahenga hawakuwa wakiitazama miguu ile. Basi nikafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga kulikuwa na lundo la pumba kubwa kama nyumba, linawaka chini kwa chini, bila mwali. Kwa pumba tunachoma matofali, na fremu za baiskeli nzito husafishwa humo. Niliifukia fremu asubuhi, nikaifukua kesho yake.

Ilitoka safi kabisa. Kwenye maungio niliona nyufa nyembamba kama uzi, nikazijaza rangi. Nikapuliza bluu kwa bomba la dawa ya mbu, mara tatu, na ilipokauka ilipendeza mpaka nikaona aibu kuigusa.

Jumamosi mama alimvalisha Baba shati jeupe. Majirani walikuja. Nilipanda, nikazunguka uwanja mara moja, na Baba aliinua mkono. Sijawahi kufurahi vile tangu nirudi. Mzunguko wa pili bomba la chini la fremu lilichomoka shingoni mwa usukani kama mpini kwenye jembe lililolegea, usukani ukageuka, nikaanguka mbele ya miguu yake. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Majirani walipoondoka, Baba alisema nimletee fremu. Aliiweka mapajani, akapitisha kidole kwenye tundu lililobaki wazi.

"Uliichoma."

"Kwenye pumba, Tata."

"Hii iliungwa kwa madini ya fedha." Akapumzika. "Haitaki moto mkali. Fedha ikiyeyuka, inatoka yote." Akapumzika tena. "Kule nilikuwa na waunga vyuma. Miaka sita."

Mimi nilijua alikuwa mgodini, basi. Maisha yangu yote nilimwona chini ya ardhi na sururu. Sikujua kwamba baba yangu alikuwa fundi.

"Ungeniuliza," alisema. "Nilikuwepo hapa."

Hakusema kwa ukali. Alinirudishia fremu, akaomba maji.

Usiku sikulala, na kesho yake nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, nikaanza kuuliza. Nani alimfundisha? Aliunga nini? Kwa nini hakufungua karakana aliporudi, na kwa nini aliniacha nijifunze kwa wengine? Alifungua mdomo, kikohozi kikamshika, na kilipomwachia hakuwa na pumzi ya kujenga hata sentensi. Mama akaniambia niulize maswali ya ndiyo na hapana, ajibu kwa kichwa. Niliuliza. Unataka maji? Unaumwa hapa? Nikuegemeze? Alijibu yote kwa kichwa, siku nne, mpaka pumzi ilipomwishia kabisa. Niliyotaka kuyajua hayakuwa ya ndiyo wala ya hapana.