Ndoo ya Mchanga Mkavu

Jumatatu, tarehe nne Agosti. Ukungu wa joto tangu alfajiri, ule unaoloanisha nguo kabla hujafika kituo cha basi.

Naandika haya ingawa sijui kama yananifaa mimi kuyaandika. Shule niliachia kidato cha pili, na kazi yangu ni kusafisha maabara za chuo huku ugenini. Nitakayosema juu ya kemia ni yale tu niliyoelezwa na profesa, na huenda nimeyashika vibaya.

Profesa ni Mkenya kama mimi, mzee wa mvi. Zaidi ya miaka thelathini kazi yake ni moja: kuunganisha metali na kaboni, apate vitu vya kusaidia viwanda kutengeneza dawa bila kutumia moto mwingi. Vingi vya vitu hivyo havitaki hewa. Vikiguswa nayo hufa, au huwaka. Kidole gumba chake kimoja hakina ukucha tangu alipokuwa mwanafunzi Ulaya. Akiulizwa husema, "Hiyo ndiyo karo niliyolipa."

Leo mwanafunzi anayemsaidia aliamka na homa. Sheria ni kwamba kemikali inayowaka ikiguswa na hewa haishikwi na mtu akiwa peke yake. Profesa alingoja mtu wa pili mpaka saa sita mchana, na mchanganyiko wake wa wiki tatu ulikuwa karibu kuharibika. Ndipo nikapita na mopu.

"Dada, una dakika kumi?"

"Za nini, Prof?"

"Kusimama hapo na ndoo ya mchanga. Hii chupa ni kama mama mkwe. Ukimkaribia kwa adabu mnaagana salama."

"Na adabu ikikosekana?"

"Adabu ni yangu, wewe leta macho. Moto mdogo kwenye ncha ya sindano ni kawaida, uache. Ukiuona mkononi mwangu, mwaga."

Niseme haki: hakunilazimisha. Msimamizi wetu wa usafi alishatukataza kuingia maabara watu wakiwa kazini, na nilijua. Nilikubali kwa sababu aliniomba kwa lugha yetu, na labda kwa sababu nilipenda kuombwa.

Alinivalisha miwani na koti. Akaingiza mikono kwenye kabati la vioo linalovuta hewa, akatoboa kizibo cha chupa kwa sindano ndefu, akaivuta ile kemikali taratibu. Mikono yake ilitulia. Mimi niliushika mpini wa ndoo kwa mikono yote miwili. Sindano ilipotoka, ulimi mwekundu wa moto ukasimama kwenye ncha. Nikajiambia, hii ni kawaida. Kisha mwanga ukawa karibu na glavu yake, au nilidhani hivyo, na nikafumba macho. Nikamwaga nikiwa nimeyafumba.

Nilipofumbua, mchanga ulikuwa umejaa kote na chupa ya mchanganyiko wake imepasuka. Glavu ilikuwa na doa jeusi. Mkono wenyewe haukuwa na jeraha.

"Umeumia?" aliniuliza.

"Hapana. Wewe?"

Aliivua glavu, akampigia simu afisa wa usalama, yeye mwenyewe.

Afisa alikuja na msimamizi wetu. "Kumbe siku hizi mopu inatoa shahada," msimamizi akasema. Afisa hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: moto ulikuwa kwenye sindano au mkononi?

Nilijua uzito wa swali. Nikisema mkononi, mimi ni mwokozi na profesa ni mzembe. Nikisema kwenye sindano, nimemharibia kazi yake bure, na yangu imekwisha.

"Sikuona," nikasema. "Nilifumba macho."

"Andika hivyo hivyo," profesa akamwambia afisa. "Na uandike mimi ndiye niliyemwita."

Kadi yake ya mlango ilichukuliwa hapo hapo, mpaka kamati ikae. Mimi nimeambiwa nibaki nyumbani mpaka niitwe. Sijui nani kati yetu atarudi.

Nyumbani zamu ya kupika ilikuwa yangu, ila nilisimama mbele ya jiko la gesi nikashindwa kuliwasha. Mwenzangu wa chumba, Mganda, mlinzi wa hoteli, alininyang'anya kiberiti, nikamsimulia yote.

"Si ungesema tu moto ulikuwa mkononi?"

"Na kama haukuwa?"

Alitikisa kichwa, akawasha. Tumekula wali, dengu na mayai ya kukaanga, kwa sababu nilisahau kutoa nyama kwenye barafu.