Siku Mume Wangu Alipohama Mstari

Mume wangu na mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, pale Bugene, walikuwa ndugu wa kuchanjiana. Walichanjana tumboni wakiwa vijana, kila mmoja akameza punje ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzake. Anayemgeuka ndugu wa namna hiyo huvimba tumbo akafa. Wengine walilisema hilo kwa mdomo tu. Mimi niliamini, tena nilikuwa na mimba.

Msimu huo mwenyekiti alisogeza miti ya mpaka akamega kibanja cha mjane, jirani yetu, shamba lake la migomba na kahawa. Wanachama wakaitisha mkutano wa kumwondoa. Wazee wa kamati, mume wangu akiwemo, wakaafikiana kwamba mkubwa wao akianguka chama kitakufa, hivyo wote wasimame naye. Niliposikia nilishusha pumzi.

Kura ilikuwa ya mistari: wanaomtaka nyuma yake, wasiomtaka upande wa barabara. Sisi wanawake tuliketi majanini bila kuulizwa kitu, mjane kando yangu.

Mume wangu alitangulia wote, karibu amkanyage mwenyekiti visigino. Kumbe alitaka tu kuwa karibu naye ili aseme.

"Ndugu yangu, ukiniomba mbuzi wangu wa mwisho nitakupa. Kibanja cha mama huyu si changu hata nikupe."

Akavuka kwenda barabarani, peke yake. Niliogopa, lakini nilistaajabu zaidi. Mtu ambaye nyumbani hajui achague ndizi za kuchoma au za kupika, miguu ile aliitoa wapi? Mzee mmoja wa kamati akamfuata, kisha wengi, na mwenyekiti akaondolewa.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kuchungulia tumbo la mume wangu kila anapovua shati. Alinicheka, ila si sana.

Asubuhi moja yule ndugu yake akabisha hodi. Nikamtolea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama kwa mgeni yeyote. Hakukigusa. Alimtazama mume wangu tumboni.

"Halijavimba," akasema.

"Bado," mume wangu akajibu.

"Langu ndilo linaloniuma." Akachukua punje, akaipasua, akampa mwenzake nusu. Walipokwisha kutafuna akasema, "Niazime jembe. Ile miti ya mpaka naweza kuipanda tena mahali pake leo."

Mume wangu akaleta majembe mawili.