Kanga ya Bibi Jukwaani

Enzi zetu za Darsait, mtaa wetu huku nchi za Waarabu, hatukuwa na simu za kutazamia tamthilia. Tamthilia ilitufuata uani. Majirani zetu Wahindi walitundika mashuka baina ya majengo mawili, wakapanga viti vya plastiki, na harufu ya vitunguu vya kukaanga ikashuka kutoka kila roshani. Sisi watoto tulikaa mkekani mbele, bajia za moto zikituunguza vidole. Leo wanangu wakiona mtu analia kwenye skrini wanapeleka mbele, eti anachosha.

Bibi alikaa nyuma yetu. Alitoka Unguja wakati wa mapinduzi, na habari za siku ile hakutwambia hata tumbembeleze vipi. Tulichojua ni kwamba kila akienda kulala aliutikisa mlango, akarudi akautikisa tena, nasi tukicheka chini ya shuka.

Mwaka mmoja mchezo wao ulihusu India ilipogawanywa siku za uhuru. Kihindi Bibi alikijua, alikipata kwenye sinema ujanani. Vijana waliingia na bendera wakiiimbia nchi yao, tukawapigia makofi. Kisha nyuma ya mashuka zikaanza kelele na masufuria kugongwa. Mama Sushila, fundi aliyetushonea nguo za Idi, akatoka mbio kwenye nyumba ya makaratasi, kichwa wazi, mwanasesere kifuani, akilia kwamba nchi imepata uhuru na yeye amekosa kwao.

Bibi akasimama. Kwao Unguja, taarab ikikugusa unainuka ukamtunze mwimbaji. Basi akapita katikati yetu kwa madaha yake yote, akapanda jukwaani, akavua kanga aliyojitanda juu ya mtandio, akamfunika Mama Sushila. Vijana wa bendera hawakujua waendelee au waache.

"Jifunike, mwanangu," akamwambia. "Na mie nilitoka hivi hivi. Mlango nimeuacha wazi."

Mama Sushila, ambaye Kiswahili alikiokota kwetu, akamkumbatia akalia kweli, na mchezo ukaishia hapo. Usiku ule Bibi alipokwenda kuutikisa mlango, tuliamka sote tukamsaidia. Sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye pale.

Siku hizi naishi Ansab, mtaa mwingine wa huku huku, na mlango wangu una kitasa cha umeme. Wanangu hunicheka nikikishika kila nikienda kulala. Mlango unaojifunga wenyewe, hata mwenye nyumba akiondoka mbio: natamani Bibi angeupata huo.