X Nyekundu Kwenye Ukuta Wangu

Dar nzima inajua kwamba ukiona X nyekundu kwenye ukuta, nyumba hiyo inabomolewa. Kwa hiyo juzi niliporudi kutoka sokoni nikakuta nyumba yangu ya Chanika imepigwa X chini ya paa, kubwa kama sinia, sikuuliza mtu. Nilibeba hati ya kiwanja na kibali cha ujenzi, nikaenda moja kwa moja ofisi ya serikali ya mtaa.

Nilimsema mwenyekiti mbele ya watu waliokuja kugongewa mihuri. Nikamwambia mtaa mzima hakuna anayefuata taratibu kama mie, sijawahi kupigilia hata msumari bila kibali. Mzee wa watu akasema hajamtuma mtu. Nikamburuta aje aone kwa macho yake, na nusu ya foleni ikatufuata.

Tulimkuta fundi wangu wa AC juu ya ngazi, anatoboa katikati ya ile X.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nilipita asubuhi hukuwepo, nikaweka alama pa kupitisha mabomba."

Kwa rangi nyekundu. Kwani penseli zimeisha madukani? Hadi leo nina hasira naye.

Mwenyekiti hakucheka. Aliitazama mashine ya nje ya AC, ambayo fundi alishaining'iniza juu ya njia ya watu, kisha akaninyooshea mkono.

"Haya mama, naomba kibali cha hiyo."

Nikafungua mkoba wangu uliojaa karatasi, nikajifanya natafuta.