Kwenye Kitanda cha Hariri

Mimi mtu wa ndani. Hata dukani hutuma watu. Ila mwaka ule nilikuwa Guangzhou na wifi yangu, tumefuata vitambaa, nikapigiwa simu kwamba mama yuko taabani. Ndege yetu bado wiki nzima.

Wifi akanikokota mpaka nyumba ya kale ya tajiri mmoja, siku hizo makumbusho ya sanaa na hariri za Kichina.

"Twende, wifi, usije ukaota mizizi hotelini kama muhogo."

Chumba cha juu kilikuwa na kitanda cha kuchongwa, kimetandikwa hariri ya rangi ya zafarani. Mama analalia kitanda kama kile. Nikavua viatu, nikaruka kamba ya kuzuia wageni, nikakaa upande wa miguuni, kama tukaavyo kumtazama mgonjwa.

"Umeamkaje, mama?" nikaiuliza hariri.

Mlinzi akaja mbio. "Buxing! Buxing!" Haifai, na alikuwa na haki: nimeyaweka makalio yangu yote juu ya urithi wa watu.

Nikangoja wifi anicheke, maana ndiyo kazi yake. Akavua viatu, akakaa kando yangu.

"Mwambie mama atungoje," akasema.