Mkono wa Kusalimia

Ganzi ilianzia kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia, nikausingizia uzee. Kazi yangu ni kuchapa barua na mikataba ya watu katika duka dogo la steshenari hapa Kahama, na kutwa nzima kiganja changu hulalia kipanya cha kompyuta. Daktari alipobonyeza kifundo cha mkono nikaruka kama mbuzi. Akasema mshipa wa fahamu umebanwa, niupumzishe mkono. Nikamfokea: nani atanichapia? Hakustahili, lakini nilimfokea.

Basi nikaanza kuubania mkono matumizi. Kipanya sikuweza kukikwepa, nikaacha kupeana mikono. Kwetu mtu akikushika mkono anauliza mvua, ng'ombe, watoto, na bado hajakuachia. Wachimbaji wa dhahabu ndio kabisa, wanaminya hadi machozi yakutoke. Nikawa naficha mkono chini ya meza na kuitikia kwa kichwa. Wakasema naringa. Waseme, nikajiambia.

Sikujua nilichojinyima. Mke wangu ni marehemu, binti yetu ameolewa Songea. Siku moja, nikiosha sahani yangu moja, nikakumbuka kwamba wiki ya pili inakatika bila mtu yeyote kunigusa. Nililia, na sioni aibu kusema.

Kesho yake akaja mama mmoja mtu mzima, mkulima wa tumbaku kutoka Ushetu, anataka kuandikiwa barua ya shamba.

"Mwangaluka," alinisalimu Kisukuma, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko kwa heshima.

"Shikamoo, mama," nikasema, mkono wangu uko chini ya meza.

Wake ukabaki hewani.

"Marahaba. Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nikamwambia barua itakuwa tayari kesho.

Alipoondoka nikafunga duka, nikaenda kwa muuza vifaa vya kompyuta karibu na stendi. Akanipangia vipanya vitatu. Cha kwanza kilikuwa kidogo mno, vidole vikajikunja. Cha pili kilisimama wima, unakishika kama unampa mtu mkono. Maumivu yalipungua palepale.

"Chukua hicho, mzee wangu. Utakitumia kwa mkono huo huo wa kulia, hauchoki sana."

Hauchoki sana, lakini unachoka. Nikakirudisha. Cha tatu kilikuwa cha kawaida, kimelingana pande zote mbili. Nikakihamishia kushoto. Mshale ukatangatanga kwenye kioo kama kuku aliyefungiwa ndani.

"Kushoto? Utachelewa, wateja watakukimbia."

"Wa kulia nina kazi nao," nikamjibu, kwa ukali kuliko ilivyofaa.

Barua ya yule mama, ukurasa mmoja tu, ilinimalizia asubuhi nzima. Nilimfungia mteja mwingine faili kabla sijalihifadhi, nikajitukana mwenyewe kwa sauti. Saa sita mama akatokea mlangoni. Safari hii hakunyoosha mkono, alisimama tu ameushika mkoba wake.

Nikainuka, nikazunguka meza, nikampa wangu wa kulia.

Akaushika. Akauliza mvua, akauliza afya, maumivu yakipanda hadi begani. Kisha akauliza nyumbani tuko wangapi.

"Niko peke yangu, mama."

Akaongeza na mkono wa pili juu ya wangu, na hakuniachia.